Gome la Miaka Saba

Madrid, 12 Novemba 1975

Kwako Felismina, Mwenyekiti wa Ushirika,

Nimeambiwa siku hizi ndivyo unavyoitwa, kwa hiyo naanza na heshima zote. Mwenyekiti! Mtu ambaye mpaka msimu uliopita alikuwa akiokota zeituni za baba yangu huku akiimba kwa pua. Hongera sana. Natumaini kiti chenyewe ni kile cha ngozi cha babu, maana ndicho pekee pale nyumbani kinachoweza kumbeba mtu wa cheo chako.

Mmechukua shamba, nyumba, matrekta, nguruwe, na nasikia hata mwavuli wa baba. Baba mwenyewe tangu tuvuke mpaka kutoka Ureno kuingia Hispania hatoki chumbani. Anakaa kitandani na viatu vyake na kuuliza kama mbuzi wameingizwa zizini. Mimi simjibu. Nimjibu nini? Kwamba mbuzi sasa wana kamati?

Sitaki kugombana. Nataka kitu kimoja tu: sanamu ya Bikira Maria iliyokuwa kwenye kanisa letu dogo, mali ya marehemu mama yangu. Ni ya mbao, imeliwa na mchwa, haiwezi kusaidia mapinduzi. Niletee kwa mtu yeyote anayekuja huku.

Nakuomba kama kaka. Mama yako alininyonyesha mama yangu alipokuwa mgonjwa, na mpaka leo watu wa kwetu wanatuita ndugu wa ziwa moja. Kama kaka pia nakuambia ukweli: nawapa miezi sita. Krismasi mtakula nguruwe, Pasaka mtamaliza mvinyo wa ghalani, kisha mtakaa kivulini kungoja mtu wa kuwaambia kesho mlime wapi. Msalimie mama yako, Mama Custódia. Yeye simlaumu.

Ndugu yako wa ziwa moja,
Bernardo


Vale de Gralhas, 3 Desemba 1975

Kwako Bwana Mdogo,

Mama amenikataza kukuita hivyo, ati nimekosa adabu. Lakini jina gani jingine likufae? Umri wetu ni mmoja, na wewe mpaka ulipokimbia ulikuwa unafungwa kamba za viatu na mtumishi. Nani anakufungia huko Madrid?

Sanamu haiji. Wanawake wamepiga kura. Ukumbi wenu mkubwa sasa ni mahali pa kulelea watoto wakati mama zao wako shambani, na Bikira tumemweka pale pale, watoto wanamtundikia kofia kwenye mkono ulionyooshwa. Sijawahi kumwona ana kazi ya maana namna hiyo. Mlango wa mbele, ule ambao sisi tuliuona kwa mbali tu, uko wazi kutwa nzima, na kuku wanaingia. Ajabu ni mama. Bado anazunguka nyumba nzima kwenda kuingilia mlango wa nyuma, kama enzi zile alipokuwa akija kukunyonyesha. Namwambia, "Mama, pita mbele, hakuna mtu wa kukufukuza." Ananijibu, "Miguu yangu haijui habari za kura."

Umeuliza nani atatuambia tulime wapi. Tunaambiana wenyewe, na ni kazi ngumu kuliko kulima. Juzi tulibishana kama fahali auzwe au asiuzwe mpaka supu ya mkate na kitunguu saumu ikapoa na watu wakaila baridi wamenuna. Walikuja pia vijana wasomi kutoka Lisbon, wana buti mpya na ndevu, kutufundisha namna dunia itakavyovuka ubepari. Walizungumza tangu asubuhi mpaka ng'ombe wakaanza kulia wakamuliwe. Nikamwuliza mmoja, "Kijana, unajua kukamua?" Akasema hilo ni suala la hatua ya pili. Hatujamwona tena.

Lakini pale baba yako alipofuga kware wa kupiga risasi Jumapili tumepanda ngano, na imeota. Kaikumbuke hiyo ukiwa kivulini kwako.

Felismina

Mama anasema niongeze: Bernardo, vaa fulana ya sufu, kifua chako tangu utotoni ni kibovu. Na usimtukane mwenzako, wala yeye asikutukane. Wote wawili mmejaa kiburi, na hayo maziwa yalikuwa yangu.


Madrid, 20 Februari 1976

Kwako Mwenyekiti wa Kuku,

Ngano! Mmeotesha ngano! Warumi wa kale waliotesha ngano pale pale na hawakupiga kelele hivyo.

Sikiliza nikupe somo la bure. Utajiri wa Vale de Gralhas haukuwa ngano, ni mialoni, ile ya gome la kutengenezea vizibo vya chupa. Mti unavuliwa gome lake mara moja kila mwaka wa tisa, unapakwa nambari ya mwaka kwenye shina, kisha unaachwa upumue miaka mingine tisa. Miti ya mlimani imepakwa saba, ilivuliwa sitini na saba, kwa hiyo kiangazi hiki iko tayari. Hata ninyi mnalijua hilo, kwani mmeshika shoka zetu tangu enzi za mababu. Sawa. Mtaivua. Mtapanga gome marundo marefu, mtaimba, mtapiga picha.

Kisha? Nani atalinunua?

Hapo ndipo ninapocheka mpaka mtu wa chumba cha pili anagonga ukuta. Miti mmeichukua, dada yangu, bei hamkuichukua. Bei inakaa London, inakaa New York, inakaa kwenye meza ambazo hata miguu yake hujawahi kuiona. Mtu wa California anazibua chupa ya mvinyo, na kile kizibo kinaamua kama mtoto wako atakuwa na viatu. Mlivunja lango la baba mkadhani mmevunja lango la ubepari. Ubepari hauna lango, Felismina, ndiyo maana hauvunjwi. Utawajia wenyewe na kofia mkononi, na mtaukaribisha kahawa.

Baba amenisikia nikicheka akauliza kama mbuzi wameingia. Nimemwambia wameingia.

Bernardo


Vale de Gralhas, 2 Mei 1976

Bernardo,

Cheka, basi. Mambo yamekwenda kama ulivyosema, na naona uchungu kuliandika hilo kuliko kung'olewa jino.

Wenye viwanda vya kaskazini, wale wale waliokuwa wakija kula mwanakondoo mezani kwa baba yako, wametugeuzia kisogo. Wanasema gome letu ni la wizi. Baba yako alipolivua kwa migongo yetu halikuwa la wizi. Tulituma watu wawili mpaka bandarini, wakarudi na vumbi tu. Msimu unaanza mwezi huu, ghala la unga linaonyesha sakafu, na mvua mwaka huu imetupa mgongo.

Kisha wiki jana akaja mtu kutoka Badajoz, ng'ambo ya mpaka, dalali, anaitwa Quiroga, ana jino la dhahabu na sauti ya padri. Atachukua gome lote la mlimani kwa bei isiyo mbaya, atalipa siku ya kupakia. Lakini kaweka sharti. Sharti lenyewe sikuandikii, naona aibu hata kulitaja. Mkutano wetu wote utaliamua mwisho wa mwezi.

Nakuuliza wewe kwa sababu ndiye bepari pekee ninayeweza kumtukana akanijibu. Huyu Quiroga ni mtu wa nani? Anaaminika?

Felismina


Madrid, 11 Mei 1976

Felismina,

Simjui huyo Quiroga, lakini nimeuliza watu na wanasema ni mlipaji mzuri.

Kubalini. Ya nini kujivuta? Mlimani ivueni, na bondeni ivueni pia. Miaka saba, miaka tisa, mti ni mti. Gome litakuwa jembamba, litasagwa likatengenezwa vibao, lina wanunuzi wake. Mnataka dunia mpya na mnaogopa shoka! Au mnangoja vijana wa Lisbon waje wawape ruhusa kwenye hatua ya pili?

Kama mna akili ya kuendesha shamba, endesheni. Kama hamna, nipe sanamu ya mama yangu mfunge ushirika.

Bernardo


Vale de Gralhas, 29 Agosti 1976

Bernardo,

Kazi imekwisha. Quiroga amelipa na amepakia.

Mlimani miti ilitoa gome kama mtu anavyovua koti akiingia ndani. Ukigonga shoka mara mbili, unasikia linaachia. Bondeni haikuwa hivyo. Unajua nambari iliyokuwa kule ni tisa, ya mwaka sitini na tisa. Ni miaka saba tu, na ardhi kavu kama mkaa. Gome lilikataa. Tulipolivuta lilichanika na kuondoka na nyama ya ndani, na mti ukabaki na madonda mekundu toka kiunoni mpaka kwenye matawi. Zeferino, ambaye amevua miti tangu akiwa na meno yote, siku ya tatu aliketi chini akasema mkono unamuuma. Mkono haukuwa unamuuma. Alirudi kazini kesho yake, kwa sababu kura ilikuwa imepigwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeinua mkono wa kwanza.

Mimi nilipinga. Nilishindwa vibaya. Siku ile ya mkutano watu walicheka sana, Bernardo, hujapata kuona. Ipo siku nitakuambia walichokuwa wanacheka.

Kipupwe hiki watu watakula. Trekta moja limepata magurudumu. Tumempata daktari anayekuja Alhamisi na kukaa kwenye chumba ambacho baba yako alikuwa anapangia bunduki.

Felismina

Mama hakukubali kushuka bondeni hata mara moja. Amekaa na mgongo kwa dirisha.


Madrid, 20 Oktoba 1977

Kwa aliyekuwa Mwenyekiti,

Nadhani redio mnayo, kama hamkuiuza. Sheria mpya imepita huko kwenu, au niseme huko kwetu. Mwenye shamba anarudishiwa sehemu yake, na sehemu hiyo anaichagua mwenyewe. Mimi nimechagua nyumba na bonde. Mlima bakini nao, hauna maji, na mialoni yake haivuliki mpaka mwaka themanini na tano. Kaeni chini yake mpige kura.

Baba alikufa mwezi wa Juni. Siku ya mwisho aliniambia nifunge zizi. Hakupata kuiona siku hii, na hilo sitawasamehe, wewe na Zeferino wako na wanawake wenu wa kofia.

Nilisema miezi sita mkafika miaka miwili. Nakiri hesabu zangu zilipotea, lakini jibu ni lile lile. Mlitaka kuvuka ubepari, mkaishia kuombaomba kwa dalali wa Badajoz. Sasa anza kuwahamisha watoto. Nitakuja baada ya Mwaka Mpya na nataka nikute ukumbi umepigwa deki, sanamu imerudi kanisani, na kuku nje. Bonde najua lilivuliwa kabla ya wakati wake, lakini lile ni bonde la babu yangu, nilijifunza kutembea chini ya miti ile. Mwaloni una roho ngumu kuliko wakulima. Litapona.

Mwambie Mama Custódia namletea shali ya sufu.

Bernardo


Vale de Gralhas, 18 Desemba 1977

Bernardo,

Pole kwa baba. Nasema kwa dhati, kwa sababu mzee anayekufa akiuliza habari za mbuzi alikuwa na kitu anachokipenda. Wewe sijui unapenda nini.

Halikupona. Kiangazi kile chote madonda yalikauka yakapasuka, na mwaka huu wadudu wameingia. Zaidi ya nusu ya miti ya bondeni imekufa imesimama. Iliyobaki ina majani upande mmoja. Ile mikubwa karibu na kisima, uliyojifunzia kutembea, hata ndege hawatui tena. Chagua upya kama sheria inakuruhusu. Nimesikia hairuhusu.

Sasa nakuambia walichokuwa wanacheka.

Katika barua yangu ya Mei sikukuandikia sharti la Quiroga, kwamba na bonde livuliwe. Sikutaja bonde, sikutaja miaka saba. Wewe ukanijibu, ivueni bondeni pia. Nilisoma nimesimama jikoni, nikaketi. Hukuwa unauliza watu habari za Quiroga, Quiroga ni mtu wako. Ulikaa Madrid na pesa mlizotorosha, ukajua hakuna atakayenunua gome letu, ukamtuma dalali anunue kwa bei uliyopanga wewe. Na kwa kuwa ulidhani hutarudi kamwe, ukaagiza miti ya babu yako ichunwe kabla ya wakati, ili upate cha kuuza mwaka huo huo. Miti si yako tena, na ife. Ndivyo ulivyofikiri. Nakujua, tumelala kifua kimoja.

Nikaipeleka barua mkutanoni nikaisoma mbele ya watu wote. Nikasema, jamani, mnunuzi ni Bernardo. Nilidhani nimemaliza, nilidhani watakataa kwa hasira. Kisha Zeferino akaanza kucheka, mabega yanamtikisika.

"Subirini kwanza," akasema. "Yaani Bwana Mdogo anataka kununua gome la kwao? Atulipe sisi? Yule?"

"Ndiyo, lakini bonde litakufa," nikasema.

"Ebo! Mwacheni alipe! Baba yake hakuwahi kunilipa siku ya mvua hata moja. Leo mtoto alipe ya mvua na ya jua!"

Ukumbi ukalipuka. Mtu akasema, "Alipie na maziwa ya Mama Custódia!" Watu wakapiga meza, wanawake wakapiga vigelegele, watoto wakaamka. Nikapiga kelele kwamba miti haina kosa, kwamba tutajiumiza wenyewe. "We Felismina, unamwonea huruma nduguyo?" Hilo nalo wakalicheka. Mikono ikainuka kama msitu. Njaa ilikuwapo, sikatai, lakini haikuwa njaa iliyoinua mikono ile. Ilikuwa raha ya kukukomoa.

Nimelifikiria hilo kuliko ninavyofikiri juu yako. Siku ile ukumbini hakukuwa na bepari hata mmoja, na ubepari ulishinda kwa kura zote kasoro yangu. Wewe uliidharau miti kwa sababu haikuwa yako tena. Sisi tuliichuna kwa kukudharau wewe. Lawama nusu kwa nusu, na miti ndiyo iliyolipa yote. Nakudharau, Bernardo, na safari hii sitanii. Lakini dharau yangu nimeigawa, na fungu kubwa limebaki hapa hapa Vale de Gralhas.

Kwa hiyo mwezi jana tulikutana tena, hakuna aliyecheka. Mlima ndio tuliobaki nao. Tumekubaliana kwamba gome kabla ya mwaka wa tisa ni jambo ambalo halipigiwi kura, hata tukila majani, hata akija mnunuzi na gunia la dhahabu. Anayetaka kulileta mkutanoni atoke nje kwanza. Tena, lile shamba la kware, lililo huko huko mlimani, tumelipanda mbegu za mialoni, mbegu kwa mbegu, kwa mkono, tumezungushia waya nguruwe wasizile. Kijana mmoja wa Lisbon amerudi, safari hii na buti chafu, akauliza mapato ya miti hiyo yatakuja lini. Zeferino akamjibu, "Mvuo wa kwanza ni baada ya miaka ishirini na mitano, mimi nimeshaoza. Gome zuri la vizibo, hata wewe umeoza." Kijana akauliza, sasa nani atafaidika? Zeferino akamtazama kama anavyotazama ng'ombe mjinga, akampa jembe. Sijui kama huko ndiko kuuvuka ubepari. Vitabu vyao sikuvimaliza. Najua tu kwamba ni kitu cha kwanza tulichofanya hapa ambacho wewe huwezi kukinunua, na sisi wenyewe hatuwezi kukiuza.

Watoto tumewahamisha. Wako kwenye ghala la unga, na Bikira yuko nao na kofia zake. Huyo hapatikani.

Felismina

Bernardo mwanangu, ni mimi Custódia, Felismina anaandika ninayosema bila kuongeza lake. Shali sitaki. Nilikunyonyesha wewe kwanza kwa sababu mama yako alinilipa, na huyu anayeandika alikuwa ananing'inia mgongoni analia, akapata kilichobaki. Kwa hiyo msinifundishe habari za ubepari, nilikuwa nao kifuani. Siku watoto walipohama nilitoka na Bikira kwa mlango wa mbele. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nikaufunga, na ule ufunguo mkubwa wa chuma nikautupa kisimani. Fundi wa kufuli yuko mjini, lakini ni mpwa wangu, nimeshazungumza naye. Nyumba ni yako, karatasi zinasema hivyo. Ukifika zunguka, pita kwenye matope ya zizi, inama kichwa kwa sababu boriti iko chini. Mlango wa nyuma nimekuachia wazi.